Ngoma inampa mtu pa kusemea, ila inamficha na aliyemuumiza

Sikuhizi wengi wanasema mtu aliyepitia makubwa, ubakaji, msiba wa ghafla, au yale ya kijiji cha Kitaya, Mtwara, Oktoba 2020 wavamizi walipovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakaua watu na kuchoma nyumba, bora atoe kiwewe chake kwa ngoma na maigizo kuliko kukaa na daktari kwenye kiti, na mfano wanaotoa ni mila zetu huku Mtwara na Lindi. Mi nakubaliana nao kwa sehemu kubwa, ila sio yote.

Chukua kupunga majini, ile ngoma ya kumtuliza jini lililompanda mtu. Mama kakaa katikati, ngoma zinapigwa, akipandisha anaanza kusema, na anayesema sio yeye ni jini, kwahiyo mbele ya mume na wakwe anatoa mambo ambayo akiyasema kwa kinywa chake angepigwa au angerudishwa kwao, jini linadai kanga linadai heshima na ndugu wote wametulia wanasikiliza. Hapo pana tiba jamani, tusidharau. Hata lipiko la Wamakonde, yule mchezaji wa ngoma anayevaa kinyago, mtu akishavaa hicho kinyago sio fulani tena, anawaigiza wakubwa hadharani na kesho hakuna wa kumuuliza.

Sasa shida ndo iko hapohapo. Kile kinachomficha anayesema kinamficha na mkosaji. Jini likishapewa kanga kesi imeisha, mume anarudi yuleyule, hakuna aliyetaja kwamba alimpiga. Na lipiko ni siri ya wanaume waliopita jandoni, binti hana hiyo nafasi, yeye ana unyago, ambako nyimbo nyingi zinamfundisha kustahimili na kutotoa mambo ya ndani nje, je aliyeharibiwa na mjomba wake ataimbia wapi? Kuna na wale ambao mlio wa ngoma ya ghafla usiku unawarudisha kwenye risasi, hao ukiwapeleka uwanjani unawaumiza upya.

Kwahiyo vijana wa vikundi vya sanaa wanaotaka kuigiza mikasa ya watu, mi siwakatazi kabisa, ila mwenye mkasa aamue mwenyewe kama ichezwe, lini na mbele ya nani, sio mganga wala mjomba wala kiongozi wa kikundi. Na kama kuna mtu alimtenda, ngoma ikiisha apatikane wa kumsindikiza mpaka dawati la jinsia polisi, na kama halali usiku wiki nzima apelekwe hospitali, ngoma anaweza kurudi akishapata nafuu.