Kula shingo upande

Septemba 1768, meli ya Endeavour ikiwa imetia nanga kwenye kisiwa cha Madeira, nahodha James Cook aliamuru watu wake wawili wachapwe viboko 12 kila mmoja. Kosa lao lilikuwa kukataa mgawo wa nyama ya ng'ombe iliyochinjwa karibuni. Wao walizoea ile ya chumvi. Baadaye katika safari hiyohiyo akakumbana na mgomo mwingine, mara hii wa kabichi iliyochachushwa, aliyoipakia ili kuwakinga mabaharia na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Safari hii hakuna aliyeguswa. Cook aliagiza kabichi iandaliwe kila siku kwenye meza ya maofisa, nao waile, na mabaharia wakaachiwa hiari: anayetaka achukue kiasi apendacho, asiyetaka aache. Yeye mwenyewe aliandika katika shajara yake kwamba wiki moja tu ilitosha, ikabidi kabichi iwe ya kupimiwa.

Nimemkumbuka nahodha huyu kwa sababu kila nikisikia watu wakibishana kama mtu ajilazimishe kula kisichompendeza kwa ajili ya afya yake, naona wamesimama kwenye sitaha ya meli ile. Mmoja anasema chakula ni dawa, na dawa haitafutiwi utamu, basi meza unyamaze. Mwingine anasema maisha yenyewe mafupi, ya nini kuyamaliza umeziba pua? Wote wawili wana hoja, tena nzito kuliko mwenzake anavyokubali.

Tuanze na anayejikaza kisabuni. Hoja yake ya kwanza ni kwamba mwili hauulizi ladha. Vitamini C ikikosekana kwa muda mrefu, fizi huvimba na kutoka damu, na vidonda hugoma kupona, uwe ulikuwa na sababu nzuri ya kuchukia machungwa au hukuwa nayo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Anayesubiri hamu imwongoze kufika hapo huenda akasubiri sana, maana hamu zetu hukimbilia sukari, mafuta na chumvi bila kusukumwa.

Hoja yake ya pili ndiyo inayonigusa zaidi: ulimi hufundishika. Hakuna aliyezaliwa akipenda kahawa chungu. Watu huikunjia uso mara ya kwanza, wakarudi, wakarudi tena, hadi siku wanayoikosa kichwa kinawauma. Hakuna daktari aliyewaandikia. Chumvi nayo ni vivyo hivyo. Shirika hilohilo linataka isizidi gramu 5 kwa siku, na aliyepunguza anajua siku za mwanzo zilivyo: kila sufuria kama imepikwa na mtu aliyesahau kazi yake. Lakini ukivumilia wiki kadhaa, pengine miezi miwili mitatu, ulimi unajirekebisha, na chakula cha zamani kinakuwa cha chumvi kupita kiasi. Aliyeacha wiki ya kwanza amekata hukumu kabla shahidi hajafika.

Kwa watoto, watafiti wamelieleza jambo hili kwa hesabu: chakula kipya huenda kikahitaji kuonjwa mara 8 hadi 15 kabla hakijakubalika. Wazazi wengi hukata tamaa mapema zaidi. Na watu wazima? Wengi wetu tulisema "sipendi" tukiwa na miaka sita, tukaibeba kauli hiyo hadi uzeeni kama kitambulisho, bila kuihakiki hata mara moja.

Hata hivyo, mwenye kukataa hana ubishi tu. Mwaka 1931 mkemia wa Marekani, Arthur Fox, alikuwa akimimina unga wa kemikali inayoitwa PTC, vumbi likatimka. Mwenzake akalalamika kuwa kinywa chake kimejaa uchungu. Fox hakuhisi chochote. Wakajaribu kwa watu wengine, ikawa hivyohivyo, kwa baadhi chungu kali, kwa wengine haina ladha yoyote. Siku hizi tunajua kuwa tofauti hiyo kwa sehemu kubwa hutokana na jeni moja, TAS2R38, na kwamba kemikali za jamii hiyohiyo zimo kwenye kabichi, brokoli na ndugu zake. Kwa hiyo wawili wanaweza kukaa meza moja, sahani moja, na wasile kitu kimoja. Kumwambia yule anayehisi uchungu kuwa anadeka ni kama kumkemea anayelia kwa kitunguu.

Kisha kuna kumbukumbu ya fimbo. Rais George H. W. Bush alitangaza mwaka 1990 kwamba hapendi brokoli, hakuipenda tangu utotoni mama yake alipomlazimisha kuila, na kwa kuwa sasa ni rais wa Marekani, haili tena. (Alifariki 2018 akiwa na miaka 94, jambo ambalo halithibitishi lolote kuhusu brokoli, ingawa najua kuna watakaolitumia.) Linalonivutia hapo ni kwamba mtu mwenye madaraka makubwa kiasi hicho bado alikuwa akigombana na sahani ya utotoni. Hata zawadi haisaidii kama tunavyodhani. Katika utafiti wa Leann Birch na wenzake uliochapishwa 1984, watoto walioahidiwa zawadi ili wanywe kinywaji fulani walikuja kukipenda kidogo kuliko mwanzo. Mtoto ana akili: kama kinywaji hiki kinahitaji rushwa, kina kasoro.

Watu wazima nao hujihonga. Mtu anatafuna majani mchana kwa huzuni, jioni anajipa keki kwa ushujaa wake. Kula kwa adhabu kunadai fidia, na mara nyingi fidia hula faida yote.

Hapa ndipo naona pande zote mbili zinakosea swali. Zinazungumzia chakula, wakati mwili unadai kilichomo ndani ya chakula. Huwezi machungwa? Gramu 100 za mapera zina vitamini C mara kadhaa ya zile za chungwa. Maini yanakutia kinyaa? Madini ya chuma yamo pia kwenye nyama nyingine, maharage na dengu, na ukila hizo za jamii ya kunde pamoja na kitu chenye vitamini C mwili huyachukua vizuri zaidi. Tena maini yenyewe, pamoja na sifa zake zote, mjamzito hushauriwa ayaepuke au ajizuie, kwa wingi wa vitamini A. Hakuna mmea wala mnyama mmoja ambaye bila yeye mtu mzima ataugua.

Ila hoja hii ya mbadala ina mlango wa nyuma, na wengi hupitia humo. Anayesema "siwezi bamia" ana haki yake, aachwe na amani yake. Anayesema "siwezi mboga" hajataja chakula, amefuta ukurasa mzima, na hakuna cha kumbadilishia isipokuwa mboga nyingine. Vidonge vya vitamini havimwokoi, kwani havina nyuzinyuzi wala hayo mengine yote yanayokuja na mboga ikiwa nzima. Huyu, kwa maoni yangu, anapaswa kujilazimisha kidogo. Simaanishi ale kwa mateso hadi kaburini. Ajilazimishe kuonja: kijiko kimoja, pamoja na kitu anachokipenda, mara kumi au zaidi, kwa siku tofauti. Lazima ina nguvu ya kumfikisha mara ya kumi. Haina nguvu ya kumvusha miaka kumi.

Na katika kuonja huko, mpishi ahojiwe pia. Kabichi iliyochemshwa hadi ikalegea hutoa harufu ya salfa inayofukuza hata wenye njaa. Ileile ikipitishwa haraka kwenye mafuta ya moto ni kitu kingine. Chumvi kidogo hufunika uchungu, ndimu huchangamsha. Nashuku nusu ya chuki zetu za chakula ni chuki dhidi ya sufuria fulani iliyosahaulika jikoni miaka mingi iliyopita.

Mgonjwa namweka kando. Aliyeambiwa na daktari wake kuwa figo au sukari yake haiwezi kusubiri hana nafasi ya kuonja kwa hiari mwezi mzima, na kwake kula shingo upande ni kula. Ila hata yeye atakula hivyo kwa muda gani? Mtaalamu anayemkabidhi orodha ya vyakula bila kumuuliza anavyovipenda amemwandikia dawa nusu.

Mimi bamia zimenishinda tangu utotoni; si ladha, ni ule utelezi. Nimeanza kuzikaanga kavu, kwa moto mkali, zikikatwa vipande vikubwa. Nimejaribu mara sita. Nne za mwanzo sitaki kuzizungumzia, lakini ya sita nilimaliza sahani kabla sijakumbuka kukunja uso.