Trela Linapandisha Upepo

Ijumaa nimeenda kuswali na kanzu ya kijivu. Dukani niliichukua nyeupe. Mama watoto kaifua, kaianika usiku, kulipokucha rangi imeshabadilika. Hapa Mombasa, wa Nyali watauliza kulikoni. Wa Changamwe, Jomvu na Miritini hawaulizi, wanakohoa tu.

Kiwanja cha jirani, hapa Magongo, watoto walikuwa wakicheza mpira. Leo ni yadi ya makontena. Ati tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi lilibandikwa. Kweli lilibandikwa, ukuta wa ndani, likasomwa na mbuzi. Hakuna mbuzi aliyeandika pingamizi.

Sasa kila alfajiri, kabla hata ya adhana, trela linawashwa chini ya dirisha langu. Linawashwa, haliendi. Juzi nikatoka na msuli wangu kiunoni na heshima zote za mtu mzima, nikamwendea dereva.

“Salaam aleikum, mwanangu. Safari lini?”

“Bado, mzee. Napandisha upepo.”

“Upepo wa nini?”

“Wa breki. Upepo usipojaa, breki haziachii.”

“Na huo upepo wauchota wapi?”

“Si hapa hapa nje, mzee.”

Basi mimi na breki zake tunagombea hewa moja, na breki ndizo zinazoshiba. Nikamuuliza kujaa kwachukua muda gani. Dakika chache. Mbona jua lishatoka? Ati anangoja karatasi za bandarini. Basi zima injini! Hawezi, betri imechoka, akizima huenda lisiwake tena, na tajiri wake kasema betri mpya ni mwezi ujao.

Nikafungua kinywa nimtolee maneno. Akanitangulia kwa kikohozi, kikohozi cha kuinama, ameshika taa ya trela. “Mzee, huna maji ya moto? Kifua chanibana.” Mimi niliyetoka kufukuza mtu nikarudi jikoni kumtilia kahawa ya tangawizi. Kesho yake yakaja matrela mawili. Kamwambia mwenziwe kuna mzee anatoa kahawa.

Daktari naye kaniandikia dawa ya kuvuta, kisha akanishauri niepuke moshi na vumbi. Niliepuke nikalale wapi, Pemba?

Mpwa wangu anasomea afya, akaja kunitia hofu zaidi. Vumbi ninalolifagia ati si kitu. La kuogopwa ni chembe za moshi wa dizeli zisizoonekana, zinazopenya mapafu mpaka kwenye damu, zikaufuata moyo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kikomo linachopendekeza cha chembe ndogo kama hizo hewani, toka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo, wastani wa mwaka. Mwambie yule dereva na betri yake!

Na hapo Owino Uhuru, Mikindani, waliwekewa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Madini ya risasi yakaingia kwenye damu za watoto. Mahakama ikaamua fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, kesi ikapanda rufaa, fidia ikatenguliwa, mpaka mwisho wa 2024 Mahakama ya Upeo ndiyo ikairudisha. Anayetoa ruhusa hakai pale!

Na mfereji umekauka tena. Kijana wa mkokoteni kapandisha bei ya mtungi. Kisa? Dizeli imepanda. Nikauangalia mkokoteni mbele, nikauangalia nyuma. Wewe kijana, dizeli yaingilia wapi?