Kuku Kala Risasi

Kwanza mjue ukubwa wao, maana bila hivyo hamtanihurumia. Askari wangu ni vijisanamu vya kuchezea vita mezani, vina kimo cha milimita 6. Msimamishe mmoja pembeni ya punje ya mchele wa Kyela, punje inamzidi. Lakini ana kofia, ana bunduki, na ukichukua lenzi unaona hadi mkanda wa kiunoni. Lenzi ninayo, kwa sababu mimi ni fundi simu hapa Lindi mjini, na vibanio ninavyong'olea vidude vya simu mchana ndivyo ninavyowashikia askari usiku. Mke wangu husema mchana natengeneza simu za watu wasiolipa, usiku natengeneza watu wasio na simu.

Vita ninayoijenga si ya mbali. Ni Mahiwa, kule jirani na Nyangao, njia ya Masasi. Oktoba 1917, kwenye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kuanzia tarehe 15 hadi 18, Wajerumani wa Lettow-Vorbeck na Waingereza wa Jenerali Beves walichinjana pale siku nne. Waingereza walikuwa kama 4,900, wakapoteza zaidi ya nusu kwa vifo na majeraha, maana Beves alikuwa akiwapeleka moja kwa moja mbele ya bombom, zile bunduki za rashasha. Wajerumani walikuwa kama 1,500. Nasema Wajerumani na Waingereza kwa mazoea tu. Waliokuwa wakifyatua na kufyatuliwa wengi wao walikuwa weusi, askari wa huku kwetu upande ule, na upande huu King's African Rifles pamoja na vikosi vilivyoletwa kutoka Nigeria. Mimi navipanga mezani, kipande kimoja cha kadibodi ni kombania moja, napima mwendo kwa futi ya fundi cherehani, halafu dadu ndiyo inaamua nani kafa. Mpaka leo Beves wangu hajashinda hata mara moja.

Kilichokuwa kinanikera ni kwamba jeshi langu halikuwa na wapagazi. Jeshi gani la vita ile linatembea bila wapagazi? Kariakoo ya Dar es Salaam yenyewe imepata jina kutokana na Carrier Corps, hao hao wabeba mizigo. Basi mdogo wangu aliyeko Uingereza akanitumia pakiti ndogo inayoenea kiganjani. Ndani yake wapagazi 64.

Huja wameungana wanne wanne kwenye kijipande kimoja cha metali. Kwa askari ni sawa, askari hujipanga. Lakini mpagazi aliyetembea kutoka Lindi na mzigo kichwani hajipangi wanne wanne. Nikawakata mmoja mmoja kwa koleo, nikawapiga tupa kuondoa makovu ya kalibu, kisha nikawaosha kwa sabuni na mswaki wa zamani, kwa sababu wakitoka kiwandani huwa na unga na mafuta, na rangi haishiki. Ilichukua siku mbili. Kisha nikawaanika uani, juu ya ungo.

Nimeandika neno ungo, na nyie wa nyumbani mmeshajua.

Mimi nilirudi ndani mara moja tu, nigandishe bendera ya kombania ya Wanigeria. Sasa supagluu hukauka kwa unyevu, na unyevu wa Lindi mnaujua: shati linalowa kabla hujalivaa. Vidole vyangu vilikuwa na jasho. Kufumba na kufumbua, kidole gumba na cha shahada vimekuwa kitu kimoja, bendera katikati. Ukivuta unachuna ngozi. Nikachemsha maji, nikatia sabuni, nikakaa nimetumbukiza mkono kwenye bakuli kama mtu anayesubiri kulishwa. Nikiwa hapo nikasikia kwa nje: tok, tok, tok. Nikajua ni mvua.

Nilipotoka walikuwa wawili kwenye ungo. Mmoja ni kishingo, mtetea wa mke wangu. Mwingine ni jogoo wa jirani, kuchi, ana miguu mirefu kama refa. Walikuwa hawana haraka. Kuku hana meno, mwenzenu. Anahitaji vijiwe vya kusagia chakula ndani ya firigisi, na hapa kawekewa vijiwe vimeoshwa kwa sabuni, vinang'aa. Nikahesabu waliobaki: 51. Nikahesabu tena. 51.

Hapo ndipo tatizo lilipo, maana wapagazi wangu wameyeyushwa kwa bati iliyochanganywa na risasi, ile metali laini nzito, na risasi ni sumu. Ndiyo maana mimi nikishawashika nanawa kabla ya kugusa chakula. Kuku akiwa nayo kwenye firigisi, inasagika humo humo na kuingia kwenye damu. Kwa hiyo kishingo haliwi tena. Nikasema nitamwambia mke wangu jioni. Jioni nikasema kesho. Siku mbili nzima nikawa natembea nyuma ya kuku na kijiti, nachokonoa mavi, nikitumaini watajirudisha wenyewe. Hakurudi mtu.

Siku ya tatu simu ikalia. Baba mkwe, yuko kwenye basi, ameshafika Mnazi Mmoja.

Nilipofika nyumbani nikamkuta ameketi barazani anapunga upepo kwa kofia, na pembeni ya mlango, miguu imefungwa kamba ya katani, kishingo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mkwe wangu. Hamjambo hapa?"

Nikamvuta mke wangu jikoni. "Huyo kuku si anataga?"

"Alishaacha."

"Basi ana mdondo."

Nilisema kwa sauti ya juu kidogo. Baba mkwe, ambaye kafuga kuku tangu mimi sijazaliwa, akamnyanyua kishingo, akamtazama macho, akamfungua mdomo, akamgeuza shingo huku na huku. "Mkwe, huyu hana mdondo. Mwenye mdondo ungemwona shingo imepinda, anazunguka. Huyu mzima kuliko wewe." Akampima kwa mikono. "Mzito pia." Halafu akanitazama kwa jicho la mtu aliyekumbuka ghafla kwamba mahari haijaisha.

Mumnyime mkwe kuku, na kuku mwenyewe anamwona! Nikaona heri aibu ya leo kuliko msiba wa kesho.

"Baba, huyu kuku kala risasi."

Kimya.

"Nani kampiga risasi kuku wangu?" mke wangu akatoka na mwiko.

"Hajapigwa. Kala."

"Kazipata wapi?"

"Ni zangu."

Baba mkwe akamweka kuku chini taratibu, akasogeza kiti karibu na njia. "Mkwe wangu," akasema kwa upole, "wewe humu ndani una risasi?"

"Si za bunduki, baba. Ni askari. Yaani wapagazi, lakini wa jeshi."

"Kala askari?"

"Kumi na watatu. Si wote, baba. Wengine wako kwa jirani."

Sasa ua baina yetu na jirani ni wa makuti, na jirani yetu msimu wa mabibo huwa ana shughuli zake za madumu ambazo mimi sizijui na sitaki kuzijua. Nilichosikia ni mlango wa nyuma kufunguliwa kwa teke, kisha sauti ya kitu cha maji kinamwagwa, gudu gudu gudu, dumu la kwanza, dumu la pili. Harufu ikaja mpaka barazani. Baba mkwe, mtu wa swala tano, akaziba pua.

Nikaleta lenzi na wale 51. Nikaeleza tangu pakiti mpaka ungo. Mke wangu alisikiliza mpaka nilipofika kwenye mavi na kijiti, akarudi jikoni bila neno. Baba mkwe hakutaka maneno, alitaka ushahidi. Akamchinja kishingo mwenyewe. Kwa kawaida firigisi hufika mbele ya baba mkwe ikiwa kwenye sahani ya supu, imekaa peke yake kwa heshima. Hii ilifika kwenye kifuniko cha kopo, imepasuliwa, mbichi. Ndani yake, kati ya mchanga na punje mbili za mahindi, wapagazi tisa.

Akamwosha mmoja, akamweka chini ya lenzi. Siku tatu za kusagwa zilikuwa zimemla: uso haupo, kofia haipo, mzigo umebaki. Akamtazama muda mrefu.

"Hapa ni wapi?"

"Mahiwa, baba."

"Asubuhi nimepita Nyangao na basi." Akamgeuza kwa ncha ya kibanio, vizuri kuliko wanafunzi wangu wa dukani. "Babu yetu mmoja walimchukua kubeba. Alirudi bega moja limeshuka, hakuweza kupanda mnazi tena. Huyu wako bega limeshuka vile vile."

"Hilo ni kuku, baba, siyo kiwanda."

"Nimejua ni kuku."

Nikafukia nyama ya kishingo nyuma ya choo, shimo refu, mke wangu akisimamia na kutaja bei ya mtetea sokoni kila nikitoa koleo la udongo. Tukala wali na kisamvu. Baba mkwe alikula kwa mkono wa kulia huku kushoto kwake kumewekwa kifuniko chenye wapagazi tisa. Tulipomaliza akaomba dadu, akauliza Beves anakaa upande gani.

Tulikuwa kwenye siku ya pili ya vita, Beves wa baba mkwe kagoma kabisa kwenda mbele na anazunguka kwa pembeni, mtu akapiga hodi kwa sauti ndogo sana. Jirani. Kalowa magotini, ananuka mabibo, na kwapani kamkumbatia kuchi wake kama mtu anayehama.

"Jirani," akanong'ona, "wale askari wameshaondoka?"

Baba mkwe akajibu kabla yangu, bila kuinua macho kwenye lenzi. "Bado wanne."

Jirani akageuka, akatoka mbio kuelekea barabarani, shingo ya jogoo inaning'inia nyuma ya bega lake.

"Usikimbie na jogoo!" nikapiga kelele, nikimfuata pekupeku. "Wamo humo! Wamo ndani ya jogoo!"