Oman ya mzee wa Seeb na Oman ya shemeji yangu

Alhamisi jioni huwa napita kwa mchoma mishkaki mmoja hapa Seeb, pembeni mwa Muscat. Waomani nao huita mishkak. Mzee mwenyewe alizaliwa Unguja, akaja huku baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi. Hanisalimii kwa Kiarabu. "Yakhe, Darajani urojo bado upo?" Nikianza kumjibu, wanawe wanaacha simu wanasikiliza. Unguja hawajaikanyaga, wanaijua kwa midomo ya baba yao na ya watu kama mimi, muuza spea kutoka Tanga.

Kwetu Korogwe, Oman inajulikana kwa sauti za WhatsApp: binti anayenong'ona chooni akilia, pasipoti kaishika bosi, mshahara miezi mitatu haujaonekana. Mwaka 2017 Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu. Sijakutana na mtu wa Korogwe aliyeisoma, ila sauti zile kila mtu kazisikia. Balozi atahutubia, gazeti litaandika "uhusiano wa kihistoria", na shemeji yangu ataendelea kumwamini binti wa jirani. Mimi pia ningemwamini.

Mwaka 1840 Sayyid Said, sultani wa Oman na Unguja, alimtuma Ahmad bin Naaman New York kwa merikebu iitwayo Sultana, karibu miezi mitatu baharini kutoka Unguja, ili Wamarekani wamwone mjumbe wake. Siku hizi mjumbe ni yeyote mwenye bando.

Kinyozi wangu wa Ruwi, mtaa wa Muscat, ni Mhindi. Kwa miaka alikuwa akiniita "Africa", basi. Mwanzoni mwa 2022 akanisogezea simu: huyu Mmasai anayefuatisha nyimbo zetu ni wa kwenu? Alikuwa Kili Paul. Februari hiyo Waziri Mkuu Modi alimtaja yeye na dada yake Neema kwenye kipindi chake cha redio, na ubalozi wa India Dar es Salaam ukamkaribisha kumpongeza. Ndugu wawili wa kijijini, shuka na simu. Tangu hapo kinyozi ananiita "Tanzania", na kunyoa kumekuwa kurefu maana maswali hayaishi.

Wakubwa wetu wakija kututembelea, nusu ya hotuba ni fedha tunazotuma nyumbani na nusu ni "muwe mabalozi wazuri". Balozi mzuri, ukiwasikiliza vizuri, ni anayefunika ubaya. Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Anayesifu tu hasikilizwi na mtu, hasa na mtu anayetaka kumpandisha mwanawe ndege.

Mwaka jana shemeji aliniuliza kama binti yake aje kufanya kazi za ndani. Nikamtumia sauti ya dakika nne. Nilimweleza habari za mama wa Kiomani, jirani yangu, anayekula sinia moja na dada wake wa kazi, na dada alipofiwa akamkatia tiketi ya kwenda na kurudi. Nikamweleza na kafala: visa inakufunga kwa bosi mmoja, ukiangukia pabaya hutoki kirahisi. Kuna mabosi wanaozuia pasipoti. Asipande ndege kabla hajausoma mkataba, na nakala ibaki nyumbani.

Shemeji akaisambaza. Wiki haikuisha ikanirudia kwenye kundi letu la Watanzania wa huku. Mmoja akanishukia kwamba nachafua nchi inayotulisha. Mwingine akasema nawapigia Waarabu debe. Sauti ni hiyo hiyo, jamani! Sikujibu, ila niliona nimepimia sawa.

Alhamisi iliyofuata nikamkuta mzee na simu mkononi. Kaletewa na ndugu yake wa Unguja.

"Hii sauti si yako wewe?"

Nikakubali. Nilitegemea kusemwa. Akageuza mishkaki upande wa pili, akapepea makaa.

"La pasipoti umesema kweli," akasema. "Wapo. Na mimi nawajua." Akanipa vijiti viwili vya kwanza. "Haya, na huyo shemejiyo? Kaamua nini?"

Nikamwambia bado anaulizauliza.