Friji ya Kumi na Moja

Nilijiloga mwenyewe, siwezi kumsingizia mtu. Desemba iliyopita duka moja kubwa hapa Kisumu liliweka friji mlangoni, imefungwa utepe mwekundu kama bibi harusi, na kando yake sanduku la bahati nasibu. Andika jina, simu na imeili, tumbukiza, nenda zako. Nikaandika imeili ya ofisi. Ile yangu mwenyewe niliisahau paswadi tangu kifungua mimba wangu akiwa darasa la tatu, na leo ana ndevu.

Friji sikuiona. Nilichopata ni ukoo mzima wa watu nisiowajua wanaoniita "Mpendwa". Nikifika kazini, kabla sijafungua chupa ya chai, nakuta barua sitini. Nne ndizo za kazi. Zilizobaki ni ploti Kitengela, mafuta ya kuotesha nywele (nani aliwaambia nina upara?), semina ya siku tano Mombasa kuhusu "uongozi wa kimkakati", mimi karani wa stoo ninayeongoza misumari, na mjane wa jenerali aliyeachiwa dola milioni tisa. Huyo mjane ananisumbua moyo. Dunia nzima imejaa watu, yeye akamwona mtu wa Kondele anayekwepa kibanda cha mama chapati kila tarehe ishirini.

Sisi wa ziwani ugonjwa huu tunaujua. Unaitwa gugumaji. Unalala ukiona maji, unaamka unakuta shamba limeegeshwa ufuoni. Ling'oe leo, mbegu zake zimelala matopeni miaka na miaka zikikungoja.

Nikaanza kujiondoa. Chini kabisa ya barua, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, wameandika "jiondoe hapa". Ukibofya wanakuuliza: mbona unatuacha? Tumekukosea nini? Jamani, huyu ni muuzaji wa matairi au ni shemeji? Nikajieleza kwa adabu. Mjane naye nikamwandikia mistari sita, nikampa pole ya msiba, nikamwomba anitoe kwenye orodha yake.

Wiki iliyofuata barua zikawa tisini.

Kijana wetu wa kompyuta alipokuja kunitazamia mashine akashika kichwa. "Mzae, mjane ulimjibu?"

"Nilimpa pole tu."

"Basi umemwambia uko hai."

Kumbe ndivyo mambo yalivyo. Duka halali ukijiondoa litakuachilia, hata kama kwa kinyongo. Tapeli hutuma kwa anwani elfu nyingi bila kujua ipi ina mwenyewe, sasa ukijibu, hata kwa matusi, umempigia hodi kutoka ndani. Anwani yako inapanda bei, anawauzia wenzake. Hata picha iliyomo kwenye barua ikifunguka inaweza kumpasha habari kwamba umesoma. Kijana akazima picha, akanionyesha nisifute tu bali niziwekee alama ya taka ili mashine ijifunze sura zao, akanifungulia anwani nyingine ya mambo ya friji. Akaongeza kwamba ipo Sheria ya Kulinda Data ya 2019, nina haki ya kukataa matangazo. Nikamuuliza mjane nimshtaki mahakama gani. Akakohoa.

Ni yeye pia aliyenisimulia chanzo. Mwaka 1978, Marekani, muuzaji mmoja wa kompyuta aitwaye Gary Thuerk alituma tangazo moja kwa watu kama 400 kwa mpigo. Walimfokea vibaya, lakini mwenyewe anasema kompyuta ziliuzika. Hapo ndipo tulipopotea. Halafu 2004 Bill Gates akatangaza kwamba baada ya miaka miwili tatizo litakuwa limekwisha. Naona miaka ya Gates ni kama dakika tano za fundi wa bomba.

Za ndani ya ofisi hazina dawa. Mtu akiandika kwamba ufunguo wa choo umepotea, anatumia wote. Wote wanajibu wote: "Sawa." "Noted." "Poleni." Mmoja akaandika "Amina". Ufunguo ulikuwa mlangoni.

Lakini niseme ukweli, sasa nafungua mashine nakuta barua saba. Ningekuwa mtu wa amani, isipokuwa kwenye folda ya taka kuna barua kumi na moja zinazosema nimeshinda friji. Na folda yenyewe hujifuta: barua ikitimiza siku 30, kwaheri. Kwa hiyo kila Alhamisi chakula cha mchana kinanipita nikipekua takataka zilezile nilizolipa soda zitupwe. Kumi ni uongo wa wazi, moja imeandika "flij". Ya kumi na moja ina jina langu sawasawa na inataka shilingi mia tano tu za usafiri.

Nikakosea, nikamsimulia mama watoto. Alikuwa anapaka ngege chumvi ili wasiharibike hadi kesho, barafu ya jirani imepanda bei.

"Mia tano kutoka mjini, na friji ilivyo kubwa? Mkokoteni wenyewe ni zaidi ya hiyo."

"Mama, hao ni wezi."

Akanyamaza. Akageuza samaki upande wa pili.

"Na kama si wezi, baba?"

Barua hiyo kesho inatimiza siku 29.