Mtoto Anarudisha Chenji

Shati nililovaa ni la tatu leo, na ndiyo kwanza saa mbili asubuhi. La nne halipo. La nne liko kwenye beseni na wenzake, yananuka mtindi, na maji tuliyaona mara ya mwisho Ijumaa.

Mwanangu ana miezi 4 na anacheua. Nasema anacheua ili kumtunzia heshima. Mtoto wa jirani ndiye anayecheua: katone mdomoni, mama anafuta, basi. Bwana mdogo wangu ananyonya dakika 10, ananitazama kwa upole wa mstaafu, halafu anarudisha chenji yote.

Nesi wa kliniki katueleza vizuri. Pale juu ya tumbo pana kimsuli kama kilango, kwa mtoto mchanga hakijakaza, maziwa yanapanda yakijisikia. Anyonye kidogo kidogo, mara nyingi. Akimaliza ashikwe wima nusu saa. Kulala, chali. Uzito unapanda, kilo 6 na nusu, kwa hiyo tusihangaike. Akitapika kijani au damu ndiyo tukimbie. Wengi huacha wakikaribia mwaka. Mwaka! Kasema kama anayetaja kituo kinachofuata. Ananyonya mara 8 kwa siku, piga hesabu mwenyewe. Saa nane usiku nimesimama sebuleni kama mlingoti, bendera iko begani.

Lakini huyo nesi tulimwona baada ya kufika. Kufika ndiko kwenye kesi.

Tulipandia Gongo la Mboto, gari limeshiba. Kwa kuwa aliyebeba mtoto ni mimi, siti nikapewa mimi, mke wangu akaning'inia na mkoba. Jirani yangu kijana wa suti, bahasha ya kaki mapajani, midomo inacheza kama anayejisomea majibu. Kufika Banana dereva akakanyaga breki. Chenji yote ndani ya bahasha.

Kijana hakusema kitu. Akachungulia vyeti vyake, akaifunga bahasha taratibu kama anayefunika marehemu.

"Samahani kaka, ni maziwa ya mama tu." Hiyo "tu" sijui niliitoa wapi.

Hapo gari zima likawa hospitali ya rufaa. Konda: "Kimeo hicho, kakateni." Nani amkate nani? Mama mmoja akasema chango. Mwingine akataka apewe uji mzito ukashikilie tumbo, miezi 4 hiyo. Halafu bibi wa siti ya mbele, bila hata kugeuka:

"Mtoto kabemendwa huyo."

Yaani, kwa imani ya wazee, baba katoka nje ya ndoa na mtoto ndiye anayelipa. Gari kimya. Macho yote kwangu, ya mke wangu yakitangulia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umembemenda mtoto."

"Bibi, usiku kucha nimesimama naye begani. Huko nje nitatoka saa ngapi?"

"Watokao hawakosi saa."

"Hata mchana inawezekana, mzee," konda akachangia, huku anadai nauli.

Mimi! Mweka hazina wa kikundi cha kuzikana, nimeaminiwa daftari na sanduku, najieleza usafi wa ndoa yangu kati ya Banana na Vingunguti, shingoni maziwa yanatiririka kwenda mgongoni. Nikapandisha sauti, mtoto akashtuka, akarudisha na ya akiba. Aliyenitetea ni yule wa suti peke yake: "Mwacheni jamani, mtu mwenyewe kachoka hivyo, nani atamtaka?"

Nilishukuru. Baadaye usiku, nikiwa mlingoti, nikaanza kuudhika.

Leo sasa. Kutoka kituoni hadi kazini watu wananitabasamia, nami nikaitikia kwa madaha, nikijua ubaba umenikaa. Kumbe kanga ya kucheulia ingali begani. Bosi kasimama mlangoni, kaisoma polepole: HASIDI HANA SABABU. Jana tu kaninyima ruhusa ya kutoka mapema. Kaniita ofisini kwake, kafunga mlango.

Na sabuni ya unga imepanda tena, hilo nilitaka kulisema tangu mwanzo.