Mikoko ya Gazi: Nani Alipie Doria?

Likizuka suala la wanakijiji kuilinda pwani yao, mfano wa kwanza kutajwa Kenya ni Ghuba ya Gazi, kilomita hamsini hivi kusini ya Mombasa, katika Kaunti ya Kwale. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013 katika vijiji vya Gazi na Makongeni, unatajwa kuwa wa kwanza duniani ambapo jamii inauza kaboni iliyohifadhiwa na mikoko, yaani wanaotaka kufidia hewa chafu wanayotoa wanaulipia msitu ubaki umesimama. Mwaka 2017 ukatunukiwa Tuzo ya Ikweta, inayotolewa chini ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Wanastahili. Ila sifa zikizidi huzima maswali, na hapa liko swali moja linalopitwa kila mara: gharama ya ulinzi huu wa kujitolea anaibeba nani?

Wanaoutetea ulinzi wa wanakijiji wana hoja nzito, na uzito wake uko katika historia. Misitu ya mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali tangu 1932. Tangazo hilo halikuizuia mikoko ya Gazi kukatwa miaka ya 1970, ikaingia katika matanuri ya chokaa na matofali. Kuna sehemu zilizobaki uwanja mtupu wa tope, na miaka ikapita bila mti kurudi wenyewe. Zilirudi kijani pale watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, yenye kituo hapo hapo Gazi, walipoanza kupanda pamoja na wanakijiji mwanzoni mwa miaka ya 1990. Yaani mwenye msitu kisheria alikuwepo muda wote, na msitu ukaisha mbele ya macho yake.

Kisha kuna ujuzi. Mikoko si msitu wa kuzungukwa kwa gari. Unaingia kwa mtumbwi maji yakijaa, au unakanyaga tope yakishapwa, na lazima ujue saa ya kutoka. Mvuvi wa Gazi anaujua mlango ambao boriti hupitishwa usiku, na akiona mtumbwi mgeni anajua ni mgeni. Askari wa misitu aliyehamishwa kutoka bara atahitaji miaka kufika hapo, na kabla hajafika ameshapewa uhamisho mwingine.

Hata kupanda kwenyewe kunataka wenyeji, kwa kuwa mikoko ni ya aina kadhaa na kila aina ina mahali pake. Mlilana husimama mbele, unakopigwa na bahari. Mkoko wenyewe hufuata nyuma yake katika tope linalofikiwa na maji kila siku. Mkandaa hupenda juu zaidi, na mchu huvumilia chumvi hata kwenye ukingo wa nchi kavu. Anayejua mpangilio huu hapotezi miche. Zile hafla za mgeni rasmi, fulana mpya na miche elfu kadhaa kuchomekwa popote penye tope mara nyingi huishia kwenye picha, kwa sababu mche uliowekwa mahali pasipo pake husombwa au hufa. (Ningependa siku moja mgeni rasmi arudishwe baada ya mwaka kuhesabu iliyobaki.)

Upande wa pili haupewi nafasi ya kutosha, na mimi nauona mzito kuliko unavyochukuliwa. Kulinda mikoko kuna maana ya kumwambia mtu asikate, na mtu huyo ana jina. Ni fundi anayetaka boriti na mapau ya nyumba, kwa kuwa mti wa mkoko haushambuliwi na mchwa kirahisi. Ni mama anayetafuta kuni. Ni kijana anayeishi kwa kukata na kuuza. Faida ya msitu uliosimama inawafikia wengi polepole: samaki wadogo, kamba na kaa wanapata pa kukulia, ufuo hauliwi na mawimbi, kaboni inabaki chini ya tope. Hasara inamfika mmoja, leo jioni. Mradi umepanda mvinje ili watu wapate miti ya kujengea na kuni bila kugusa mikoko, na ni wazo zuri, lakini mvinje unachukua miaka kufikia unene wa nguzo wakati nyumba inajengwa mwaka huu.

Papo hapo mlinzi wa kujitolea anabanwa. Hana mamlaka ya kumkamata mtu. Anachoweza ni kukemea, kupiga ripoti kwa Shirika la Huduma za Misitu, na kusubiri. Kijijini anayemkuta na panga huenda ni shemeji yake. Akiripoti, amevunja undugu. Akinyamaza, amevunja ahadi kwa kamati ya mradi. Mshahara hauondoi mtego huo wote, lakini mtu anayelipwa angalau ana la kusema: hii ni kazi yangu. Wa kujitolea hana hata hilo, na shambani au baharini kazi zake zimelala.

Wapo wanaosema ukileta posho umeua moyo wa kujitolea, na mfadhili akiondoka kila mtu anaweka chini jembe. Nimeiona tabia hiyo katika miradi mingi ya pwani. Watu wanauliza kwanza kama kuna bahasha. Hoja hii naikubali nusu. Siku ya kupanda miche, kijiji kizima kikishuka ufukweni, ukianza kulipa utaharibu kitu ambacho pesa haiwezi kukirudisha. Doria ni jambo jingine. Doria ni kila wiki, mvua na jua, na inahatarisha uhusiano na hata mwili. Kuitaka bure kutoka kwa watu ambao wenyewe hawana ni kuwatoza kodi maskini kwa faida ya dunia nzima, halafu tukaiita uzalendo.

Pesa za kaboni zingetosha? Tuangalie hesabu. Eneo la mradi ni hekta 117, na kaboni inayouzwa ni kama tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Katika miaka ya mwanzo hizo zilileta takriban dola 12,000 kila mwaka. Hata tukichukua wakazi 5,000 tu, kila mmoja angepata dola mbili na senti kadhaa kwa mwaka mzima. Kilichowaokoa Gazi ni kutozigawa. Zilielekezwa kwenye maji ya bomba, vitabu na majengo ya shule, na matumizi yakajadiliwa barazani. Mtu ambaye hajawahi kuingia mikokoni anafungua bomba na anajua limetoka wapi. Lakini fundi aliyepoteza boriti zake anafungua bomba lile lile, amelipa zaidi ya jirani yake, na sijaona hesabu ya mradi wowote inayomtambua.

Halafu kuna yale ambayo hakuna mlinzi wa ghuba anayeyaweza. Gazi inapokea maji ya mito miwili, Mkurumudzi na Kidogoweni. Juu ya Mkurumudzi kuna mashamba ya miwa, na kulijengwa bwawa kwa ajili ya mgodi wa titani ambao ulifunga uzalishaji mwishoni mwa 2024. Kiasi cha maji matamu na udongo unaofika mikokoni kinaamuliwa huko. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi ukafukia mizizi na kuua mikoko sehemu kadhaa za pwani ya Kenya, na kule hori ya Tudor, Mombasa, mji wenyewe umeizunguka kwa majitaka na ukataji. Ukimpa mwanakijiji jukumu la ghuba bila kiti kwenye meza ya mto, umempa lawama.

Sheria imeanza kusogea. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2023 yanaitaka miradi ya kaboni ya ardhini iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato, na kanuni za soko la kaboni zikafuata 2024. Sawa, ingawa kinachohesabiwa hapo ni pesa. Sheria ya Misitu ya 2016 nayo inaruhusu vyama vya jamii kusaini mikataba ya kusimamia msitu pamoja na Shirika la Huduma za Misitu, na hapo ndipo ningebana zaidi. Mkataba useme askari aitikie ripoti ya doria ndani ya muda gani, posho ya doria itoke bajeti ya serikali yenye msitu wake tangu 1932, na pesa za kaboni zibaki za kijiji, zikiwa na fungu la wale waliokuwa wakiishi kwa kukata. Mradi wa Gazi ulipangiwa miaka 20, hivyo muda wake unakwisha 2033. Mazungumzo ya kinachofuata yakianza mwaka huo yatakuwa yamechelewa, kwa sababu vijana waliopanda miaka ya 1990 ni wazee sasa, na wanao wengi wako Ukunda na Diani wakitafuta ajira za hoteli.